Msiba wa Kuazima

Dodoma, 8 Novemba 2014

Nasra mdogo wangu,

Hujambo huko kwenye joto? Usishtuke kupata barua ya mkono zama hizi. Simu yangu inashikwa na katibu, na barua pepe anazisoma yeye kabla yangu. Nikikuandikia karatasi, angalau najua anayesoma ni wewe. Anakuletea Iddi, yule dereva wenu wa basi la kampuni, maana nimesikia likizo yake inaisha wiki hii.

Ninakuja Doha mwezi wa Januari. Taasisi yangu inataka kuwaona mabinti zetu wanaofanya kazi za ndani, wale waliokwama. Nimelisema jambo hili bungeni mpaka koo limekauka. Wanagonga meza, wanacheka, wengine wananiita kwa majina ya wale wanawake niliowaigiza kwenye filamu, kisha tunaenda kula. Mpaka leo kuna wanaoniona kama sura iliyobandikwa kwenye kasha la DVD na kupewa kiti maalumu kwa bahati mbaya. Hotuba zangu hazimwingii mtu. Watu wetu mpaka waone, ndiyo maana nakuja na kamera. Atakayeishika ni Paul, yule yule wa enzi zetu za Sinza.

Nitafutie wanawake wenye habari za kweli. Na wewe uwepo, tafadhali. Unajua udhaifu wangu. Tulipaka dawa ya mafua chini ya macho, tukamenya vitunguu ndoo nzima, macho yangu makavu tu, mpaka siku ile mwongozaji alipogundua kwamba wewe ukilia mbele yangu na mimi nalia. Filamu zote zile machozi yangu yalianzia kwako. Sitaki kwenda kusimama mbele ya mwanamke aliyeonewa nikamkodolea macho kama sanamu. Nitaona haya.

Dada yako,
Tunu Kilindo


Doha, 27 Novemba 2014

Shikamoo dada Mheshimiwa,

Iddi kaniletea barua yako ikiwa imekunjwa kama hirizi, akasema ameshika kitu cha Bunge na anataka posho. Nimempa chapati.

Mimi mzima. Bado niko kwenye ile hoteli ya Pearl, ghorofa ya wageni wenye pesa, natandika vitanda na kupiga deki. Mimi niliyecheza hausigeli kwenye filamu zako zote, kwangu sasa imekuwa kazi kweli, ila tofauti ni kwamba huku hakuna anayesema "rudia tena". Siwezi kulalamika. Nalala, nakula, simu ninayo, mama yangu napiga naye soga kila Ijumaa.

Wa kulalamika wapo. Kuna Mkenya anaitwa Nyaboke, ana chumba na sebule pale Al Mansoura, na Ijumaa wanawake wa kwetu na wa kwao wanakusanyika kwake kupika na kusukana. Anamhifadhi mmoja wetu, Mwajuma, mama mtu mzima wa Handeni. Huyu aliletwa kufanya kazi nyumba moja, akawa anazungushwa nyumba tatu za ndugu wa mwajiri, leo kwa huyu kesho kwa yule. Simu yake ilikaa na madamu. Mama yake alipofariki, madamu alipokea habari akanyamaza, akihofu Mwajuma ataomba kurudi. Mwajuma aliendelea kufua na kupika, kumbe mama amezikwa na arobaini imepita. Aliambiwa na dereva wa jirani, kwa bahati tu. Siku hiyo hiyo akatoka na nguo aliyovaa.

Sasa kafili wake, yaani mwajiri anayemdhamini, ameandikisha kwamba ametoroka, na bila ruhusa hawezi kupita uwanja wa ndege. Kuna ofisi inayosikiliza malalamiko ya wafanyakazi, amepangiwa kusikilizwa mwezi wa tatu. Wakimwamini, ataruhusiwa kwenda kwao. Wasipomwamini sijui. Ukimsaidia mtu mmoja tu katika safari hiyo, msaidie huyu.

Nyaboke ameniambia hivi, namnukuu: "Mwambie huyo mheshimiwa wenu akuje, karibu sana, lakini asiniletee drama kwa nyumba yangu."

Nitakuwepo. Ila dada, kulia bila kupigwa nimeshasahau.

Wako,
Nasra


Dar es Salaam, 20 Februari 2015

Nasra, Nasra, Nasra!

Sijui nianzie wapi. Video yetu ya Doha imerushwa Jumapili jioni, baada ya taarifa ya habari, na mpaka kunakucha simu ya katibu wangu ilikuwa imejaa. Nchi nzima inalia! Nimepita sokoni Kariakoo, wanawake wakanishika mikono, mmoja akavua ushungi wake akanipangusia uso wakati hata sikuwa na jasho. Wananiita Mama wa Mabinti. Waziri aliyekuwa akisinzia nikisema, juzi amenifuata mwenyewe kwenye korido.

Na yote ni wewe. Ulipoketi pale kwenye zulia na lile dera la bluu, ukasema "mama yangu kazikwa, mimi nakaanga samaki wa watu," ukashika kifua, Wallahi nilisahau kwamba tunaigiza. Nilisikia tu kitu kinapasuka, nikalia mpaka Paul akanipa leso. Hatukuandika jina lako, tumeweka "jina limehifadhiwa". Uso tumeuacha, maana uso ndio habari yenyewe.

Wasalimie wote. Yule mama wa Handeni naye msalimie, mwambie sijamsahau, tutalishughulikia lake pamoja na ya wenzake.

Nakupenda sana,
Tunu


Doha, 12 Machi 2015

Dada Tunu,

Shikamoo.

Jumatatu ile, kesho yake baada ya video kurushwa, mama alinipigia mwenyewe. Si kawaida yake, huwa ananibipu. Hakunisalimia. Aliniuliza: "Nasra, mimi nimekufa lini?"

Dada, wamekuja majirani Temeke na mikeka na sukari. Wameniona kwenye televisheni nikisema mama yangu amekufa, wakajua basi, Bi Salima hatunaye. Mama alitoka chumbani na upande wa khanga, akawakuta wanawake uani wameshafunga vilemba, mmoja ameanza kulia. Ikabidi awapokee watu waliokuja kumlilia yeye mwenyewe. Aliwachemshia chai. Ameniambia habari hiyo kwa sauti ndogo, mwanamke ambaye akiita mtaa wa tatu wanasikia. Mwisho akasema, "Mwanangu, kama kuna jambo nimekukosea ungeniambia tu." Nilikaa chini kwenye korido ya hoteli, mgeni mmoja akaniruka na viatu.

Mimi nimeshiriki, sikatai. Lakini tuseme ilivyokuwa, maana barua yako inapita juu juu. Mwajuma ndiye aliyeanza. Alisimama pale dirishani akasema yote, taratibu, kama anayemwelekeza mtu njia ya sokoni. Hakulia. Ukamwambia, "Asante mama, kapumzike jikoni," akaenda, mlango ukafungwa. Ndipo ukanigeukia mimi. Tukafanya kama tulivyozoea Sinza: hakuna karatasi ya maneno, unaambiwa kisa, unakivaa, unakisema kama chako. Mimi kichwani nilijua ni filamu. Watu wa nyumbani wangejuaje?

Hilo la mama nitalibeba mwenyewe. Ninalokuandikia ni la Mwajuma. Ile ofisi imemsikiliza wiki hii. Alipomaliza kusema, yule mkalimani na bwana wa ofisi wakatazamana. Wakamwonyesha simu. Kwenye video nilikuwemo mimi, nalia. Wakamwambia: "Hadithi hii tumeshaiona, ina mwenyewe. Wewe nani kakufundisha?" Wameahirisha, na wamesema akirudi na maneno hayo hayo bila ushahidi wataona ni uongo. Mwanamke amenyang'anywa simu, akanyang'anywa msiba wa mama yake, na sisi tukaja tukamnyang'anya hata maneno.

Nimemwambia kwamba aliyesema kwenye video ni mimi. Hakukasirika. Alisema, "Labda wewe unajua kusema vizuri." Nikaitikia ndiyo, ni hivyo. Sikuwa na uso wa kumweleza zaidi.

Dada, Paul alikuwa ameshamrekodi kabla yangu. Kipande hicho kipo. Kikionekana, kila mtu atajua nani alianza. Nitumie.

Nasra


OFISI YA MBUNGE
Dar es Salaam, 2 Aprili 2015

Ndugu Nasra,

Barua yako imepokelewa. Nimesikitishwa sana na usumbufu uliompata mama yako mzazi, na nimeagiza apelekewe salamu zangu.

Kuhusu kipande unachokitaja, naarifiwa kwamba hakipo. Paul alikifuta wakati wa uhariri kwa kuwa hakikuwa na ubora.

Taasisi iko tayari kumgharamia Bi Mwajuma tiketi ya ndege, bila kuitangaza. Kwa kuzingatia kwamba huu ni mwaka wa uchaguzi na wapo wasiotutakia mema, nakusihi suala hili lisizungumzwe na watu wengine.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mhe. Tunu A. Kilindo (Mb)


Doha, 1 Mei 2015

Kwa Mheshimiwa,

Nimekuita Mheshimiwa kwa sababu ndivyo ulivyosaini. Barua imepigwa chapa. Nimeisoma mara nyingi nikikutafuta humo ndani, sijakuona.

Tiketi ya nini? Mwajuma hakosi tiketi. Anakosa mtu wa kuamini kwamba mama yake ndiye aliyekufa, si wa kwangu.

Kwa kuwa wewe umenyamaza, nilikwenda mwenyewe. Niliomba ruhusa kazini, nikaongozana naye mpaka ile ofisi, Nyaboke akatusindikiza. Nikasema kwa Kiingereza changu cha hotelini: yule wa kwenye video ni mimi, mama yangu mzima yuko Temeke, nilimwigiza huyu hapa. Nikaanza kulia, dada, na safari hii sikutumwa na mtu. Bwana wa ofisi akanitazama, si kwa ukali, kama mtu aliyechoka. Akasema kwa mkalimani, "Mwambie hata mara ile ya kwanza alilia hivi hivi." Nilitamani sakafu ipasuke. Mwajuma akanishika mkono akaniambia twende zetu.

Nyaboke huko nje hakuninyamazia. "Si nilisema sitaki drama? Ona sasa. Mnakuja na kamera zenu, mnaenda, na huyu mama anabaki na mimi hapa akikunja nguo zangu kama maid wangu. Mimi sikumchukua awe maid."

Hotelini nako wameniona. Supavaiza ameniita, akaniuliza kama mimi ni hausigeli wa mtu niliyetoroka au ni mfanyakazi wao, na kama ni mfanyakazi wao kwa nini naitukana nchi ya watu kwa uongo. Wamenitoa ghorofa ya wageni, sasa niko chini kwenye dobi, nafua mashuka. Nastahili, sisemi kitu.

Na Paul nimempigia. Anasema hajafuta chochote. Anasema kila kitu alikutilia kwenye flashi akakukabidhi mkononi, uwanja wa ndege.

Mwajuma huniuliza kila Ijumaa, "Vipi Mheshimiwa, hajambo?" Namjibu hajambo. Angalia wewe mwenyewe kama hajambo.

Amepangiwa tena katikati ya mwezi wa sita. Hawatampa nafasi nyingine.

Nasra


Dodoma, 24 Mei 2015

Nasra mdogo wangu,

Ninaandika kwa mkono, nimefunga mlango wa chumba.

Ninayo flashi. Nimekuwa nayo siku zote, iko kwenye mkoba ninaoingia nao bungeni. Nilikudanganya, na barua ile nilimpa katibu aipige chapa kwa sababu mkono wangu ulikataa kuuandika uongo ule.

Baada ya barua yako niliiangalia. Nimekuwa nikijiangalia kwenye skrini tangu nikiwa binti, najua upande wangu mzuri ni upi, lakini sikupata kujiona kama nilivyojiona mle. Mwajuma anasema kisa chake. Anasema mpaka anamaliza, ameshikanisha mikono mbele. Unajua anachosema mwishoni? Sikukisikia siku ile. Anasema, "Nikienda kwetu nataka nioneshwe kaburi, basi." Anashukuru anatoka. Kamera ya Paul haikuzimwa. Sauti inayofuata ni yangu: "Huyu hana machozi, hatufai. Nasra, si umesikia alivyosema? Haya, vaa lile dera, sema wewe." Halafu nacheka, Nasra. Kicheko kile cha kwenye filamu ambacho watu wanakipenda.

Mtu akiona kipande hiki, mimi nimekwisha. Kura za maoni za chama ni mwezi wa saba. Niliingia siasa nikiapa kwamba nitawafunga midomo wanaosema mwigizaji ni mwigizaji tu, na sasa nimewaletea ushahidi mimi mwenyewe. Wafadhili watatoka. Na tuseme ukweli mwingine: ile video imefanya kazi. Wapo wasichana waliorudi kwao kwa sababu yake. Nikisema ilikuwa maigizo, watasema na wale wote waliigiza. Usiku nikifikiri hivyo najiona nina hoja. Asubuhi nikinawa uso najua ni woga, nimeuvalisha suti.

Nimeona aibu nyingi maishani, nimetukanwa magazetini, nimezomewa jukwaani Mbagala mpaka nikakimbilia garini. Zote zile nilifanyiwa na watu. Hii nimejifanyia mwenyewe, na sina wa kumlaumu wala wa kumkasirikia. Naona haya kumtazama hata msichana anayeniletea chai.

Sijui nitafanya nini. Nilitaka angalau wewe ujue kwamba ninayo.

Tunu


Doha, 19 Juni 2015

Dada yangu,

Ramadhani karimu. Leo ni ya pili, joto la huku halisemeki, midomo imetupasuka, lakini nimekuona.

Iddi ndiye aliyekuja na simu mpaka mlango wa dobi, amekimbia kutoka Industrial Area na basi la watu. "Dada yako kachanganyikiwa," akasema, "njoo uone." Nikaona kipindi kile kile cha Jumapili, umekaa bila vipodozi, umewaambia warushe kipande chote mpaka kile kicheko. Halafu ukasema: "Mwanamke wa kweli ni huyu wa kwanza. Mimi nilimtoa chumbani." Ukalia. Iddi akasema, "Anaigiza." Nikamwambia huyo haigizi, mimi ndiye nimjuaye, akilia kwa kuigiza huwa anatazama pembeni kunitafuta mimi.

Najua wanavyokusema. Nimesoma huko mitandaoni, nikaacha. Mheshimiwa Machozi, na mengine siwezi kuyarudia na saumu yangu. Sitakwambia yatapita, sijui kama yatapita.

Lakini ile hati ya kiapo ulichokula kwa wakili, pamoja na flashi, vilifika kabla ya siku yenyewe ya Mwajuma kusikilizwa. Bwana wa ofisi alifunga mlango, wakaangalia yeye na mkalimani. Sisi tulikaa nje. Alipotoka hakusema mengi. Alimwambia Mwajuma, kwa Kiarabu, na mkalimani akatafsiri, "Mungu amrehemu mama yako." Dada, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu mwenye cheo kumpa Mwajuma pole. Aliitikia amina, akauliza kama anaweza kukaa, akakaa.

Wamempa ruhusa. Anasafiri wiki ijayo. Nyaboke amemnunulia viatu na anajifanya amekasirika, anasema sasa nani atamshikia mtoto wa jirani akija.

Kipande chenyewe Mwajuma hajakiona. Simu yake ni ya kitochi, na nimemzuia Nyaboke asimwonyeshe. Anajua tu kwamba Mheshimiwa amemtolea ushahidi. Anakuombea kila baada ya swala. Mimi naitikia amina nikiwa natazama mkeka.

Mama naye amecheka juzi kwenye simu, mara ya kwanza. Alikuwa ananiambia kwamba wale majirani hawataki kurudisha sukari waliyokunywa kwenye chai yake. Alicheka kidogo tu, tukaagana. Bado kuna kitu. Naona nikija likizo nitakaa naye tu, nisitoke.

Mtazame Mwajuma akifika. Nenda mwenyewe.

Nasra


Handeni, 30 Agosti 2015

Nasra,

Chama kimekata jina langu, umeshasikia. Taasisi nimeikabidhi kwa wanawake wengine wasio na sura inayojulikana, wanaendesha vizuri kuliko mimi na hawamwiti Paul. Ninapita barabarani na miwani ya jua, nikidhani imenificha, na watoto wananifuata wakijifanya wanalia. Jana mmoja alijitupa chini kabisa. Ana kipaji.

Nilichelewa kuja huku. Kila wiki nilipata sababu. Leo nimekuja, peke yangu, gari nimeliacha mbali ili nisionekane nimekuja kwa kishindo.

Mwajuma alikuwa nyumbani kwa kaka yake, anachambua choroko. Aliponiona alisimama, akaita watu wote watoke, akawaambia, "Huyu ndiye aliyeniokoa." Nasra, walinitandikia mkeka mpya. Mzee mmoja alinishukuru kwa kusimama. Watoto wakaletwa wanipe mkono. Nilitaka kukimbia. Niliketi, nikanywa uji, nikashukuru.

Yeye mwenyewe alikaa mbali, kwenye kigoda karibu na mlango, nusu nje nusu ndani. Nilidhani ni heshima. Wifi yake akasema ndivyo anavyokaa tangu arudi, hata wakati wa kula, hawajui kwa nini.

Alinipeleka kaburini. Tukasoma dua. Tuliporudi wale wengine walikuwa wametawanyika, na nikaona nisiposema hapo sitasema tena. Nikamwambia yote, bila kupamba. Nikamwambia: siku ile kwa Nyaboke ulisema vizuri, hukukosea neno, lakini nilikutoa chumbani kwa sababu hukulia. Nilitaka machozi kwa ajili ya kamera, nikayachukua kwa Nasra. Ndiyo sababu hawakukuamini. Sikukuokoa, mimi ndiye niliyekukwamisha, na nikakaa na ushahidi wako mkobani nikiogopea kiti changu. Nikamwomba radhi nikiwa nimeinama, sikuweza kumtazama.

Nikasubiri anitukane, na Mungu anajua nilikuwa nataka anitukane.

Akasema, "Ni machozi tu?"

Nikamwambia ndiyo.

"Yaani hakuna kitu kingine?"

Nikamwambia hakuna.

Alishusha pumzi, mabega yakalegea. Akasema, "Mimi nilikuona ulivyonitazama usoni, ukanitoa. Nilikuwa na nguo moja, naifua usiku naivaa mbichi. Mpaka leo nilidhani nilikuwa nanuka."

Halafu akabeba kigoda chake pale mlangoni, akaja akakaa karibu yangu, bega kwa bega, akaendelea kuchambua choroko.

Dada yako,
Tunu